Kizuri Chajiuza?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii niliisikia mara nyingi kutoka kwa mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi moja ndogo ya dansi mjini Morogoro. Kila alipoulizwa kwa nini bendi yao haikupata jina kama bendi kubwa za Dar es Salaam, alijibu, "Kizuri chajiuza, tusubiri." Alisubiri mpaka akafa. Bendi yao haikupata kutoa hata santuri moja.

Mimi si mwanamuziki. Ni msikilizaji tu, tena wa siku nyingi, na katika kurasa hizi nataka kuipima methali ya mjomba kwa muziki ninaoufahamu. Je, ni kweli kwamba albamu nzuri hujiuza yenyewe? Na ile isiyouzika, je, tuseme haikuwa nzuri? Sina budi kuanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu bila kosa hilo nisingeandika habari hizi.

Zamani za ujana wetu bendi za Tanzania zilirekodi nyimbo zao Radio Tanzania Dar es Salaam. Hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri nchini. Santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Hivyo wimbo uliishi hewani. Ukitaka kuubakiza nyumbani, uliweka kanda tupu katika redio kaseti, ukakaa na kidole juu ya kitufe, ukamsubiri mtangazaji anyamaze. Hivyo ndivyo nilivyounasa wimbo wa bendi ya mjomba, mmoja tu, siku ulipopigwa katika kipindi cha jioni. Nilivunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake. Mjomba alipokuja kututembelea alikuwa akiniambia niuweke, naye akisikiliza huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesomewa barua.

Mwaka 1984, mpaka ukiwa umefunguliwa tena, rafiki yangu mmoja alirudi kutoka Nairobi na kanda ya "Thriller" ya Michael Jackson. Aliniazima kwa usiku mmoja tu. Kanda tupu hazikupatikana madukani. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Nilizunguka nyumba nzima nikakosa. Mwisho nilichukua ile kanda ya mjomba, nikaziba vile vitundu vya mgongoni kwa vipande vya karatasi, nikarekodi. Wimbo wa mjomba ukafutika. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na asubuhi yake nilikuwa kijana mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Naomba msomaji asidhani kwamba nimeleta kisa hiki ili kumsema vibaya Michael Jackson. La hasha. "Thriller" ni kazi nzuri, na mpaka leo nikiisikia siwezi kutulia. Ilitolewa mwishoni mwa mwaka 1982, ikakaa nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 37, na mwaka 1984 Michael aliondoka na tuzo nane za Grammy usiku mmoja. Ukiniuliza kama kizuri kilijiuza, nitajibu ndiyo. Lakini tazama vilevile jinsi kilivyotembezwa. Katika nyimbo tisa za albamu ile, saba zilitolewa moja moja kwa zamu, kila moja ikiivuta albamu nzima irudi madukani. Wimbo uliobeba jina la albamu ulitengenezewa filamu ya karibu dakika kumi na nne. Na albamu iliyoitangulia, "Off the Wall" ya mwaka 1979, ambayo wasikilizaji wengi makini hawaioni kuwa duni hata kidogo, ilipata tuzo moja tu ya Grammy, jambo lililomuumiza sana mwenyewe. Mwimbaji ni yule yule, mtayarishaji Quincy Jones ni yule yule. Basi kilichoongezeka hakikuwa uzuri peke yake. Kizuri kilijiuza, na kikatembezwa pia.

Tuje kwenye muziki wa roki. Kundi la Fleetwood Mac lilitoa albamu ya "Rumours" mwaka 1977. Wanamuziki watano, wengi wao wakiachana na wapenzi wao wakati ule ule wa kurekodi, walikaa katika chumba kimoja wakaimbiana machungu yao. Ilikaa kileleni Marekani kwa majuma 31, ikapata Grammy ya albamu bora ya mwaka, na mpaka sasa inahesabiwa kuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 40 duniani. Kampuni, kama kampuni yoyote, ilitamani mtoto wa pili afanane na wa kwanza. Lakini Lindsey Buckingham, mpiga gitaa wao, alikataa kurudia. Mwaka 1979 walitoa "Tusk", santuri mbili katika jalada moja, iliyogharimu zaidi ya dola milioni moja kuitengeneza, yenye nyimbo nyingine laini na nyingine zenye kukwaruza masikio. Iliuza nakala zipatazo milioni nne. Ikaitwa anguko.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka mizani ya soko. Nakala milioni nne ni anguko! Hakuna mwanamuziki wa Tanzania wa kizazi cha mjomba aliyeota hata sehemu ya kumi ya hesabu hiyo. Kumbe soko halipimi muziki, linapima matarajio. Wahakiki wa baadaye wameirudia "Tusk" na kuiheshimu kwa ujasiri wake. Mimi nakubaliana nao nusu. Baadhi ya nyimbo zake naziona ni mazoezi yaliyopaswa kubaki chumbani. Lakini wimbo wenye jina la albamu, ule wenye matarumbeta ya bendi ya chuo kikuu na ngoma zinazokwenda kama mwendo wa gwaride, una kitu ambacho "Rumours" yote haina: hatari. Msikilizaji hajui unakwenda wapi. Sifa hiyo haionekani katika daftari la mauzo.

Kuna albamu nyingine ambazo hazikukimbia wala hazikuanguka, bali zilitembea. Mwaka 1959 Miles Davis aliingia studio mjini New York na wenzake, miongoni mwao John Coltrane, Cannonball Adderley na Bill Evans, wakarekodi "Kind of Blue" kwa siku mbili tu, moja mwezi Machi na nyingine mwezi Aprili. Wapigaji walipewa michoro michache ya kufuata, si nyimbo zilizokamilika, na kazi iliyobaki waliifanya papo hapo. Albamu hiyo haikupigiwa mbiu kubwa. Lakini watu waliinunua, wakawapa rafiki zao, watoto wakaikuta kwa baba zao wakainunua tena. Mwaka 2019 ilithibitishwa kuwa imefikia nakala milioni tano Marekani peke yake, miaka sitini baada ya kutolewa. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kuienzi. Hapa mjomba angefurahi. Kizuri kilijiuza, lakini polepole, na aliyekitengeneza alifariki mwaka 1991 kabla ya kuiona hesabu hiyo.

Hata hivyo, tujihadhari. "Kind of Blue" iliweza kutembea miaka sitini kwa sababu ilikuwa na miguu. Ilikuwa santuri. Kampuni iliitunza kanda ya asili na kuichapa tena kila ilipohitajika. Jambo hili nitalirudia.

Sasa nije kwa Bob Marley, ambaye kwetu sisi wa Afrika Mashariki ni kama ndugu wa ukoo. Albamu ya "Catch a Fire" ya mwaka 1973 ilikuwa ya kwanza kumtoa yeye na wenzake wa Wailers kwenye soko la dunia. Chris Blackwell wa kampuni ya Island aliwapa paundi elfu nne wakairekodi Jamaica, kisha London akaongeza magitaa na vinanda vilivyopigwa na Wamarekani, ili masikio ya vijana wa roki yasishtuke. Wahakiki waliisifu. Mwanzoni iliuza nakala kadiri ya 14,000 tu. Leo hakuna anayeandika historia ya rege bila kuitaja.

Mwaka 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake, ikatolewa "Legend", mkusanyo wa nyimbo zake zilizopendwa. Hiyo ndiyo albamu ya rege iliyouzwa kuliko zote, zaidi ya nakala milioni 25. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi, na pengine ndiyo uliyonayo wewe, ndugu msomaji. Ni tamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini miaka mingi baadaye nilikuja kuisikiliza "Survival" ya mwaka 1979, ile ambayo jalada lake limejaa bendera za Afrika, nikashangaa. Nikarudi kuikagua "Legend". Hakuna hata wimbo mmoja kutoka "Survival". Wimbo wa Zimbabwe haumo, wimbo alioupiga Salisbury, yaani Harare ya leo, usiku wa uhuru wa nchi hiyo mwezi Aprili 1980. Waliochagua nyimbo walikusudia kuufikia umma wa wanunuzi wa Ulaya na Marekani ambao wangependa mapenzi na amani kuliko mapambano. Kwa haki niseme kwamba hawakuuondoa ukali wote. Wimbo wa kudai haki kwa kusimama umo, na ule wa ukombozi wa fikra umo. Lakini uzito umehamishwa.

Kwa Mtanzania hili si jambo dogo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Wapigania uhuru walikuwa majirani zetu. Marley wa "Survival" alikuwa anazungumza habari zetu, na soko likatuuzia Marley aliyechaguliwa kwa ajili ya watu wengine, nasi tukampokea kwa mikono miwili. Albamu iliyouzwa kuliko zote ndiyo iliyotupunguzia mtu tuliyemhitaji. Wala siwezi kusema ni albamu mbaya. Ni nzuri, na imejiuza. Ndiyo maana methali ya mjomba imeanza kunisumbua zaidi.

Nikitaka kulitazama jambo hili nyumbani, namtazama Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawa nguzo ya Matimila. Mpaka leo kuna kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy. Ni wasanii wachache waliotunukiwa heshima kama hiyo na makondakta. Mwaka 1988 alipanda jukwaa la tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ilitoa albamu yake ya "Songs for the Poor Man", ikafuatiwa na "Mambo" mwaka 1992.

Nimezisikiliza albamu zote mbili mara nyingi, na hukumu yangu ni hii. Ile ya kwanza ni bora. Magitaa yamerekodiwa kwa usafi ambao studio zetu hazikuwa nao wakati ule. Unaweza kulifuata gitaa la pili peke yake, jinsi linavyolijibu la kwanza bila kulipanda kichwani. Na muhimu zaidi, Remmy anazungumza nasi. Katika wimbo wa "Kifo" anamkabili mauti kama mtu anayemdai jirani. Yeye hakuwa na sauti nzuri ya kuimba kama Marijani Rajab. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekaa kizingitini mwako akasema ukweli. Mhakiki wa Ulaya asiyejua Kiswahili hana budi kusifu magitaa, na magitaa yanastahili. Lakini amesifu nguo, mvaaji hajamwona.

Katika "Mambo" Remmy ameimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza. Nia inaeleweka: mnunuzi yuko Ulaya, mwambie kwa lugha yake. Lakini Kiingereza kilimnyang'anya Remmy silaha yake kubwa, yaani vijembe, mafumbo, na zile hasira zake za upole. Anaposema kwa Kiingereza kwamba bila fedha hakuna maisha, ni taarifa. Angesema kwa Kiswahili ingekuwa kesi. Wakati huo huo, hapa nyumbani wimbo wake uliozungumziwa kuliko yote ulikuwa "Mambo kwa Soksi", wa kuhimiza kinga dhidi ya ukimwi, ambao Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Wimbo usio na redio ulienea kwa kanda za kudurufu, kutoka mkono hadi mkono, dereva hadi dereva. Ulipendwa mno, na kwenye kanda za kudurufu mwimbaji hapati hata senti. Basi tuuite umeuzika au haukuuzika? Mizani ya soko haina jibu, kwa kuwa haikuwepo pale.

Kabla sijafunga, nimtaje mama wa wote. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alianza maisha akitembeza vyungu. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri hizo zikasikika katika mwambao wote. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa maoni yangu ule ni uhakiki pia, kwa sababu unafundisha kumsikiliza. Siti alipata vyote viwili, mauzo na sifa. Lakini jambo la kwanza alilopata ni santuri yenyewe. Kampuni ile haikwenda kwa ajili ya mapenzi ya taarabu, ilitafuta faida. Hata hivyo, kwa kutafuta faida yake imetuachia sauti ya mwanamke huyu, ambaye alifariki mwaka 1950, nasi tunaisikia mpaka leo.

Kwa hiyo siwezi kulilaani soko. Nimelisema kwa "Legend", nimelisema kwa "Tusk", lakini soko ndilo lililotunza. Wahakiki nao nawaheshimu, maana ndio waliozishika mkono albamu zilizoanguka mpaka zikasimama. Lakini wote wawili, soko na wahakiki, hupima kile tu kilichofika mezani. Methali yasema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini lazima kwanza kiwe kitu. Wimbo uliopigwa hewani jioni moja, ukanaswa na kijana mmoja katika kanda moja, hauna nafasi ya kusubiri miaka sitini kama Miles Davis. Hauwezi hata kuanguka.

Siku hizi vijana husikiliza muziki katika simu, na kila wimbo una hesabu ya waliousikiliza imeandikwa chini yake. Mwanangu hunionyesha hesabu hizo kama ushahidi mahakamani. Mimi humwambia kwamba hesabu ni ya kweli, ila inasema ni wangapi walifikiwa, haisemi ni nini walichokosa.

Mjomba alipougua mara ya mwisho nilikwenda Morogoro kumwona. Baada ya shikamoo na marahaba, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, ile kanda yetu bado unayo?"

Nikamjibu, "Ipo, mjomba."

Akasema, "Vizuri. Itunze." Kisha akageukia ukutani akalala. Sikupata ujasiri wa kumwambia, wala siku iliyofuata sikumwambia, na baada ya hapo hapakuwa na siku nyingine.

Je, wimbo ule ulikuwa mzuri? Ningependa kusema ndiyo, lakini mhakiki hapaswi kusema asichoweza kukithibitisha. Maneno ya ubeti wa kwanza nimeyasahau. Naikumbuka chemko yake tu, pale mwimbaji anaponyamaza na gitaa la mjomba linaingia kwa noti tatu zinazopanda na moja inayoshuka, zikijirudia, mpaka besi inazifuata. Nimesikiliza albamu nyingi tangu wakati ule, za kusifiwa na za kuuzwa, na noti hizo nne sijazisahau. Pengine ni uzuri wake. Pengine ni dhamira yangu inayonisuta. Siwezi kutenganisha.

Najua kwamba kanda za zamani za Radio Tanzania bado zimetunzwa Dar es Salaam, katika shirika la utangazaji lililoirithi redio ile. Nimekwisha kuandika katika karatasi jina la bendi, mji, na mwaka ninaoukadiria. Jina la wimbo silikumbuki, kwa hiyo itabidi niwapigie mluzi. Nimelichelewesha jambo hili kwa miaka mingi kwa hofu ya kuambiwa haumo. Na wewe, ndugu msomaji, kama una kanda ya zamani kabatini ambayo hujui ina nini, isikilize kwanza kabla hujaitupa.